Adapta Kuukuu Hushusha Nyumba Nzima

Mtu akienda kununua adapta ya Wi-Fi, kile kifaa kidogo kinachoiunganisha kompyuta na mtandao bila waya, jicho lake hutua kwanza kwenye namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi: 300, 600, 1200, 1800. Hiyo ni kasi, tena kasi ya kwenye karatasi, na ndiyo inayouza. Mstari unaostahili kusomwa kabla ya mwingine wowote uko nyuma, kwa maandishi madogo: adapta hii inaelewa usalama wa aina gani? WPA2? WPA3? Au inajisifia tu kwamba inakubali aina zote, hadi WEP ya zamani?

Mimi ni yule ndugu anayepigiwa simu kompyuta ya mtu inapogoma kushika mtandao. Kila nikiombwa ushauri wa adapta, naanzia kwenye mstari huo mdogo, na kuna wanaoniona kama nazunguka. Hawajaelewa ninachohofia. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba usalama wa mtandao wa nyumbani unakaa kwenye ruta, basi. Ukweli ni kwamba sehemu yake kubwa inakaa kwenye vifaa vinavyojiunga na ruta hiyo, na adapta dhaifu haiishii kujidhuru yenyewe. Inawashusha na wenzake wote waliomo ndani.

Jinsi inavyowashusha ndiyo habari yenyewe, na ili ieleweke inabidi kwanza tujue aina hizi za usalama zilitoka wapi.

WEP ilikuja na viwango vya mwanzo vya Wi-Fi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilisimba data, yaani iliificha kwa msimbo, kwa mbinu inayoitwa RC4, na kila pakiti, yaani kila kipande cha data, ilipewa namba ya kuanzia yenye biti 24 tu. Biti 24 zinatoa namba zipatazo milioni 16.7. Zinaonekana nyingi, lakini mtandao wenye shughuli unazimaliza na kuanza kuzirudia, na kurudia huko ndiko kunakomfaidi msikilizaji aliye nje. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba ufunguo wenyewe unaweza kukokotolewa kutokana na pakiti zinazopita hewani. Kufikia 2007, watafiti wa chuo kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wameifanya kazi hiyo iishe kwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo mtandao wa WEP leo ni mtandao ulio wazi, hata kama unakuomba nenosiri.

WPA ya mwaka 2003 ilikuwa kiraka cha haraka. Iliundwa makusudi iweze kutumika kwenye vifaa vile vile vilivyokwisha kuuzwa vikiwa na WEP, na ndiyo maana ndani yake kuna TKIP, mbinu ya kusimba ambayo bado imejengwa juu ya RC4. Suluhisho la kweli lilikuja mwaka uliofuata, 2004, kwa jina la WPA2, likitumia AES, mbinu ya kusimba iliyo imara zaidi. Tangu Machi 2006 kifaa kisicho na WPA2 hakipewi cheti cha Wi-Fi. WPA3 ikafuata mwaka 2018.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya ruta. Kwenye ukurasa wa mipangilio, sehemu ya usalama, ruta nyingi zina chaguo la mchanganyiko, WPA na WPA2 kwa pamoja, TKIP na AES kwa pamoja. Mtu anaichagua kwa nia njema ili kompyuta ya zamani isiachwe nje. Hapo kila kifaa hupewa ufunguo wake kwa mazungumzo yake binafsi na ruta, na laptopu mpya itatumia AES kama kawaida. Lakini kuna mazungumzo mengine, yale ambayo ruta inayatangaza kwa vifaa vyote kwa mpigo, na hayo husimbwa kwa ufunguo mmoja wa wote. Ufunguo huo lazima ueleweke na kila aliyemo. Kwa hiyo unashuka hadi TKIP. Msafara hutembea kwa mwendo wa aliyechoka kuliko wote, na hapa aliyechoka ni adapta moja ya zamani ambayo pengine huwashwa mara chache kwa mwezi.

Hata kasi iliyomfanya mtu anunue adapta inaumia. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n, kilichopitishwa 2009, hakiruhusu kasi zake za juu kutumika pamoja na WEP au TKIP. Adapta iliyoandikwa 300 ikiunganishwa kwa TKIP inabaki na megabiti 54 kwa sekunde, kasi ile ile ya kiwango cha mwaka 2003. Nimekuta watu wanalaumu kampuni ya intaneti, wananunua ruta mpya, wanahamisha meza kutoka chumba hiki kwenda kile, kumbe tatizo ni chaguo moja kwenye orodha ya mipangilio. Ukiona adapta mpya imeganda kwenye 54 na haisogei, tazama hapo kwanza.

Kujua adapta uliyonayo inaweza nini ni rahisi. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike netsh wlan show drivers. Yatatoka maelezo mengi. Shuka nayo hadi ufike kwenye orodha ya majina yaliyopangwa mawili mawili, upande wa kushoto aina ya usalama, upande wa kulia mbinu ya kusimba: WPA2-Personal na CCMP, WPA3-Personal na CCMP, na kadhalika. CCMP ndiyo AES tunayoitaka. Kama WPA2 na CCMP hazimo, adapta hiyo imefika mwisho wa safari. Kama WPA3 haimo lakini WPA2 imo, bado inafaa, ila usiishushe zaidi ya hapo. Kwenye Linux amri ya iw list inakupa habari hiyo hiyo, kwa mpangilio usiovutia macho. Na kuanzia toleo la 1903 la Windows 10, mfumo wenyewe hukuonya ukiunganishwa kwenye mtandao wa WEP au TKIP. Onyo hilo ni la kweli. Usilifunge tu ukaendelea na kazi.

Nirudi kwenye ile namba ya mbele ya boksi, maana inapoteza wengi. Adapta iliyoandikwa 1200 haitoi 1200. Wamejumlisha bendi mbili, yaani masafa mawili ya redio: 300 ya gigahezi 2.4 na 867 ya gigahezi 5, kisha wakaizungusha juu kidogo. Adapta ya kawaida ya USB hutumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu mojawapo ya jumla hiyo haikuhusu. Na kama ni ya USB 2.0, tundu lenyewe lina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, tena kwa nadharia. Linganisha namba hizo kabla ya kutoa hela.

Kitu cha maana kuliko namba ni chipu, kile kipande cha kielektroniki kinachofanya kazi yenyewe ndani ya adapta. Watengenezaji wa adapta wengi hawatengenezi chipu; wanazinunua kwa kampuni chache kama Realtek na MediaTek. Adapta yenye jina lile lile na boksi lile lile inaweza kubadilishiwa chipu ndani ikiwa imeshaingia sokoni, na dalili pekee ni herufi ndogo kwenye kibandiko, v1 ikawa v2, v2 ikawa v3. Mtu anasoma sifa za v1, ananunua v3, kisha draiva aliyoipakua, yaani programu ya kuiendesha adapta, inakataa. Usibahatishe. Chomeka adapta, kisha tafuta namba zake za utambulisho. Kila kifaa cha USB hubeba namba mbili zenye tarakimu nne nne, moja ya kampuni na moja ya bidhaa. Windows inazionyesha kwenye orodha ya vifaa, kwenye maelezo ya kina ya kifaa husika; Linux inazionyesha kwa amri ya lsusb. Namba hizo hazijali boksi limesema nini.

Kuna jambo linalowatisha wanaofunga adapta kwa mara ya kwanza: wanaichomeka, na badala ya Wi-Fi kompyuta inaona diski ya CD. Adapta haijaharibika. Baadhi yake hubeba draiva za Windows ndani, na zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski ili uweze kuzisakinisha. Draiva ikishaingia, adapta hubadilika na kuwa yenyewe. Kwenye Linux, ambako draiva hizo za Windows hazina kazi, programu ya usb_modeswitch ndiyo huiambia adapta iache kujifanya diski.

Hata hivyo mimi siipendi draiva inayokuja ndani ya adapta. Ni ya siku adapta ilipotoka kiwandani, na kiwandani ni zamani. Chukua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa adapta au wa chipu, au uiache Windows iilete yenyewe. Zile tovuti zinazojaza ukurasa kwa vitufe vya kupakua, zinazodai kutafuta draiva zote za kompyuta yako kwa mpigo, zipite mbali. Draiva hufanya kazi kwenye kina cha mfumo ambako programu ya kawaida haifiki, na mtu aliyekuingizia draiva yake ameshika kompyuta yako yote.

Umuhimu wa draiva na masasisho ulionekana wazi Oktoba 2017. Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walitangaza udhaifu wa WPA2 walioupa jina KRACK. Kifaa kinapojiunga na mtandao, kinabadilishana na ruta ujumbe nne wa kukubaliana ufunguo. Vanhoef aliona kwamba mshambuliaji anaweza kusababisha ujumbe wa tatu urudiwe, na kifaa kikiupokea tena kinauweka upya ufunguo ambao tayari unatumika, huku hesabu zake zikianza upya. Linux na Android 6.0 ziliathirika vibaya zaidi: zingeweza kuishia na ufunguo wa sifuri tupu. Anayepokea ujumbe huo wa tatu ni kifaa chako, wala si ruta. Kwa hiyo aliyesasisha ruta peke yake alikuwa hajamaliza kazi. Kiraka kilitakiwa kifike kwenye laptopu, kwenye simu, kwenye kila kitu chenye adapta ndani. Sijui mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini nasema nusu ya mtandao iko upande wa adapta.

Kabla sijafika kwenye ruta, neno moja kuhusu mahali pa kuchomeka. Matundu ya USB 3.0 na vifaa vyake hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel yenyewe ililiandikia ripoti mwaka 2012. Ukiiweka adapta ndogo ya 2.4 ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3.0, inaweza kupoteza mtandao kila unaponakili mafaili. Dawa ni waya mfupi wa kurefusha USB, adapta ikae mbali na kompyuta, au uhamie bendi ya gigahezi 5. Waya huo pia huitoa adapta nyuma ya boksi la chuma la kompyuta ya mezani, ambako mawimbi hufika yamechoka. Na kama mtandao hukatika kompyuta ikikaa bila kazi, nenda kwenye sifa za adapta, sehemu ya umeme, uondoe ruhusa ya kompyuta kuizima ili kuokoa nishati.

Sasa ruta. Fungua kivinjari, andika anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uingie. Nenosiri la ukurasa huu si lile la Wi-Fi, na kuyachanganya mawili hayo ndiko kunakoacha ruta nyingi na nenosiri la kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilijikusanyia jeshi la ruta na kamera kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani. Haikuhitaji ujanja mwingine. Badilisha la ukurasa, kisha zima uwezo wa kuufungua ukurasa huo kutokea nje ya nyumba.

Kisha zima WPS. Hapa naomba uniamini, kwa sababu hesabu yake inashangaza. WPS ilikusudiwa kurahisisha kujiunga: badala ya nenosiri refu, unatumia PIN ya tarakimu nane. Tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100, na hiyo ingemchosha yeyote. Lakini tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na saba za mwanzo, kwa hiyo zimebaki saba. Halafu ruta huikagua PIN vipande viwili, na ikikataa inafichua ni kipande kipi kilichokosewa. Kipande cha kwanza kina tarakimu nne, yaani majaribio 10,000 kwa wingi wake. Cha pili kimebakiwa na tarakimu tatu, majaribio 1,000. Milioni 100 imekuwa 11,000, kazi ya saa chache kwa kompyuta. Stefan Viehböck aliiweka wazi hesabu hiyo Desemba 2011. Nenosiri lako la Wi-Fi linaweza kuwa na herufi 40, halitakusaidia kitu: mwenye PIN hukabidhiwa nenosiri hilo na ruta yenyewe.

Nenosiri lenyewe la WPA2 linakubali herufi 8 hadi 63. Nane hazitoshi. Mshambuliaji wa WPA2 hahitaji kukaa nje ya nyumba akibahatisha. Ananasa zile ujumbe nne za kujiunga mara moja, anaondoka nazo, na kubahatisha kwa mashine zake bila ruta kujua chochote. Kila jaribio linamgharimu kazi ya kukokotoa, kwa kuwa WPA2 hulichakata nenosiri mara 4,096 kabla ya kulitumia, pamoja na jina la mtandao. Lakini kwa nenosiri fupi, au jina la mtu na mwaka, kadi za michoro za leo zinaivumilia gharama hiyo. Maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyookotwa bila mpangilio, ni bora kuliko neno moja lililopambwa kwa alama za kila aina, na mgeni ataweza kusomewa akayaandika. Jina la mtandao nalo libadilishe, kwa sababu majina ya kiwandani ndiyo ambayo watu hutayarishia hesabu mapema.

WPA3 imeondoa mlango huo wa kubahatisha ukiwa mbali: kila jaribio lazima lifanywe moja kwa moja mbele ya mtandao. Pia, kwenye WPA2 mtu mwenye nenosiri aliyenasa kujiunga kwako anaweza kufungua data yako ya hewani. Kwenye WPA3 hawezi. Kwa nyumba inayogawa nenosiri kwa kila mgeni, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kutafuta adapta yenye WPA3. Na anayetaka bendi mpya ya gigahezi 6 hana la kuchagua, maana huko WPA2 hairuhusiwi kabisa.

Mambo mawili yanayoshauriwa sana sipotezi muda nayo. La kwanza ni kuficha jina la mtandao. Jina likifichwa, vifaa vyako ndivyo vinavyoanza kuliita kwa sauti kila viendako, na yeyote anayesikiliza analipata. La pili ni kuruhusu vifaa kwa anwani zao za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila adapta. Anwani hizo hupita hewani bila kusimbwa hata kwenye WPA2, na adapta nyingi hukubali kubadilishiwa anwani kwa amri moja. Yanakuchosha wewe na kumchelewesha mvamizi kwa dakika.

Upande wa kompyuta, ukishaunganishwa, mfumo hukuruhusu kuchagua kama mtandao ni wa umma au wa binafsi. Nyumbani chagua wa binafsi ikiwa tu unahitaji kushirikisha printa au mafaili. Vinginevyo wa umma unakufaa hata sebuleni. Futa pia mitandao ya zamani iliyohifadhiwa, hasa iliyokuwa haina nenosiri, kwa sababu adapta hujiunga na jina inalolifahamu bila kuuliza nani analitangaza.

Baada ya hayo yote, kile ninachofanya katika kila nyumba ni hiki. Naiweka ruta kwenye WPA2 na WPA3, AES peke yake, kisha nasubiri kuona ni nani amedondoka. Vinavyorudi baada ya kuandikiwa nenosiri upya viko salama. Vingine hurudi baada ya kusasishwa draiva. Vichache havirudi, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikishikilia nyumba nzima chini. Kompyuta ya mezani ya zamani huwa nainunulia adapta mpya ya USB, ambayo ni nafuu kuliko kompyuta. Kifaa chenye WPA2 nzuri kinachogomea tu mchanganyiko wenye WPA3, nakipeleka kwenye mtandao wa wageni wa WPA2 peke yake, ambao hauoni vifaa vingine vya ndani. Printa kongwe isiyojua chochote zaidi ya TKIP, kama ina tundu la waya wa mtandao, naiunganisha kwa waya hadi kwenye ruta na kuizimia Wi-Fi yake. Isipokuwa na tundu hilo, inachomekwa kwa USB kwenye kompyuta moja, na wengine wachapishe kupitia kompyuta hiyo.